Macho Meupe ya Video

Wasee, mwaka jana niliwaambia kwenye video kuna dawa ya macho ya kemisti inafanya kazi kama uchawi. Naomba msamaha. Wacha niwaeleze.

Mimi ni wa Mukuyuni. Kiangazi kikiingia, vumbi halina huruma, na macho yangu yamekuwa yakiwasha tangu utotoni. Yanakuwa mekundu kama nimelia. Kwa mtu wa kamera, hiyo ni noma. Nikanunua kachupa kadogo, bila karatasi ya daktari. Siku mbili, macho meupe pe! Nikatumia miezi saba.

Kisha nikaenda Wote kupimiwa miwani tu. Daktari akapima presha ya jicho: 34. Kawaida ni kati ya 10 na 21. Akauliza, "Kijana, unaweka nini machoni?"

Kumbe ile dawa ina steroidi. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa kila wakati na kutoka kupitia njia ndogo kama chujio. Ukitumia steroidi kwa wiki kadhaa, kwa baadhi yetu chujio linaziba. Maji yanajaa, presha inapanda, inaumiza neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Na wala husikii uchungu. Hiyo ndiyo glakoma, na uwezo wa kuona ukienda haurudi. Wangu umeenda kidogo, pembeni mwa jicho la kulia.

Kilichonitisha zaidi ni Susu. Jani la mahindi lilimkwaruza jicho, akaniomba ile chupa, nikasahau kumpelekea. Daktari alisema afadhali nilisahau. Steroidi hupunguza kinga, kwa hivyo kama kuna fangasi au virusi kwenye konea, kile kioo cha mbele cha jicho, kidonda kinaendelea kula chini kwa chini huku wekundu ukipungua. Konea inaweza hata kutoboka.

Sisemi steroidi ni sumu. Madaktari wa macho huzitumia, lakini wanapima presha. Kama uliandikiwa, usiache ghafla. Uliza utapimwa lini. Kama ulijinunulia kwa sababu yangu, soma chupa: deksamethasoni, betamethasoni, prednisoloni, zote ni steroidi. Nenda upimwe wiki hii.

Ile video nimeifuta. Leo macho yangu ni mekundu, na mtaniona hivyo hivyo.