Kinachompa Bondia Jina

Huku kwetu Kiirua, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, hatuna ulingo wa ngumi. Tuna viazi, ngano, mahindi, soko, hospitali ya misheni, na baridi ya asubuhi inayokata masikio. Walakini siku ya soko ukisimama penye magunia ya viazi ukamwuliza mama yeyote auzaye kama amepata kulisikia jina la Muhammad Ali, atakustaajabia kwa kuuliza jambo kama hilo. Kisha mwulize Philip Waruinge ni nani. Mimi nimeuliza hivyo mara nyingi, kwa kuwa ni mpenzi wa mchezo huu tangu ujana wangu, na aghalabu hujibiwa kwamba pengine alikuwa diwani, ama mwalimu wa zamani.

Waruinge alikuwa bondia wa Nakuru. Alipata dhahabu katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Kingston mwaka 1966, akapata tena Edinburgh mwaka 1970. Katika Olimpiki ya Mexico ya 1968 alishindwa katika nusu fainali na Antonio Roldán, kijana wa Mexico aliyepigana mbele ya watu wake, akarudi na nishani ya shaba. Lakini kikombe cha Val Barker, ambacho kilikuwa kikipewa bondia aliyeonyesha ustadi mkubwa kupita wote katika michezo ile, alipewa yeye. Hebu fikiri, ndugu msomaji: walikuwako wenye dhahabu, nao wakapitwa na Mkenya mwenye shaba. Mwaka 1972 huko Munich akaongeza nishani ya fedha. Baadaye alikwenda Japani kupigana kwa malipo, akautafuta ubingwa wa dunia asiupate, na mwaka 2022 akafariki dunia.

Basi, kama ustadi peke yake ndio umfanyao bondia kuwa nyota wa watu wote, pangekuwako nini cha kumzuia huyu?

Kwanza, uzito. Waruinge alipigana katika uzito wa kilo 57, ambao haulizidi sana lile gunia la viazi la kilo 50 ambalo sheria inaamuru (na ambalo madalali wetu hawataki hata kulisikia, wao huja na magunia yaliyoshonewa kofia juu). Watu wasioujua mchezo hupenda majitu. Ngumi ya mtu mwepesi ni ya haraka, huja ikaenda kabla mtazamaji hajatambua kilichotokea. Bali jitu likianguka, hata mtoto mdogo anaelewa.

Tena iko hadithi, na hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo. Mama wa sokoni hajui hesabu ya pointi, wala hahitaji kuijua ili amweleze jirani habari za Ali. Mtu alikuwa bingwa. Mwaka 1967 akakataa kwenda vitani Vietnam, akanyang'anywa ubingwa, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila kupigana. Tarehe 30 Oktoba 1974 akaja Kinshasa, katika nchi ya Waafrika, akamwangusha George Foreman katika raundi ya 8 na kukichukua kilicho chake. Habari hiyo husimuliwa ikaisha kabla maji ya chai hayajachemka, na msikilizaji hujua mara moja nani alidhulumiwa na nani alirudishiwa haki. Ya Waruinge yataka kwanza ueleze kikombe cha Val Barker ni kitu gani, na ukifika hapo jirani amekwisha kuondoka.

Jambo jingine halimo kabisa katika mikono ya bondia. Stephen Muchoki alikuwa mwepesi kuliko hata Waruinge. Alipata dhahabu ya Jumuiya ya Madola mwaka 1974 na 1978, na mwaka huo huo wa 1978, huko Belgrade, akawa bingwa wa dunia wa ridhaa. Lakini Olimpiki, ambayo hata asiyependa ngumi huitazama, hakuipata katika miaka yake bora. Mwaka 1976 Kenya haikwenda Montreal, kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1980 haikwenda Moscow, kwa sababu ya majeshi ya Urusi kuingia Afghanistan. Jorge Hernández wa Cuba, aliyekuwa amemshinda Muchoki katika fainali ya dunia ya 1974 huko Havana, ndiye aliyeipata dhahabu ya Montreal, na Muchoki hakuwako kujaribu kulipiza. Sisemi kwamba serikali ilikosea. Mambo yale yalikuwa makubwa kuliko ngumi. Nasema tu kwamba gharama yake walilipa vijana. Na ajabu ni kwamba Februari 1980 aliyetua Nairobi, ametumwa na Rais Carter wa Marekani kuwasihi Waafrika wasiende Moscow, alikuwa ni Muhammad Ali mwenyewe.

Linganisha na Hassan Mwakinyo wa Tanga. Hata huko Tanzania, nje ya wapenzi wa ngumi, wachache walimjua. Tarehe 8 Septemba 2018 aliitwa Birmingham kwa taarifa ya siku chache, kuziba nafasi, apigane na Sam Eggington, ambaye Waingereza walimjua na kumtarajia ashinde. Mwakinyo alimmaliza katika raundi ya 2, televisheni ikionyesha. Alilala hajulikani akaamka nyota. Mikono ni ile ile aliyokuwa nayo mwezi uliotangulia. Kilichobadilika ni mahali, na nani alisimama mbele yake.

Na Conjestina Achieng wa Siaya, ambaye mama zetu wa sokoni wanamjua bila kuulizwa mara mbili, yeye alikuwa mwanamke katika kazi iliyodhaniwa ya wanaume. Mwaka 2004 alitwaa mkanda wa kimataifa, na redio zikalitangaza jina lake mpaka vijijini. Alipougua baadaye, nchi nzima ilijua pia. Jina lilimfuata hata katika maradhi, ingawa fedha hazikumfuata.

Nayaandika haya kwa sababu iko nyumba hapa karibu ambamo jambo hili si la mazungumzo tu. Kijana wa miaka 19, mwenye mabega ya fundi wa mawe, hupiga gunia la mchanga nyuma ya zizi kila jioni, naye anataka kwenda Nairobi awe bondia. Baba yake, mkulima mwenzangu, alinijia akaniomba nimkataze.

Sikumkataza. Nilimweleza habari za Robert Wangila, ambaye mwaka 1988 huko Seoul alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya 2 ya fainali, na ambaye hata sasa ndiye Mkenya pekee aliyepata dhahabu ya Olimpiki kwa kazi isiyokuwa ya kukimbia. Macho ya kijana yakang'aa. Kisha nikamweleza mwezi wa Julai 1994, huko Las Vegas, ambapo Wangila alipigwa, akazirai baada ya pambano, akafariki akiwa na umri wa miaka 26. Kijana akanyamaza, kisha akasema, “Mzee, na huyo watu hapa wanamjua?”

Nikamwambia wazee wanamjua, vijana ni wachache.

Baba yake na mimi tumekubaliana hivi: atavuna viazi vya msimu huu, kisha ajaribu kuingia Polisi au Magereza, ambako tangu zamani mabondia wetu wengi walilelewa wakila mshahara. Asipochukuliwa, shamba liko. Yeye amekubali, ila ameomba tumnunulie glavu kabla ya mavuno, na juu ya hilo baba yake hajasema neno.