Kiwanja cha Ndege na Gari la Umeme

Kila chombo cha safari kina chakula chake. Punda hula majani, jahazi hula upepo, gari moshi la zamani lilikula kuni na makaa, na motokaa imekunywa petroli kwa zaidi ya miaka mia. Sasa limezaliwa gari linalokula umeme. Mtu akiniuliza ni wapi chakula hicho kiandaliwe kwanza katika Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, nitamjibu: katika kiwanja cha ndege. Jibu hili laweza kudhaniwa la anasa. Namwomba msomaji asilihukumu kabla ya kusikia hoja zake.

Kwa miaka mingi wasafiri wengi wa pande hizi wamepandia ndege Mwanza. Kutoka Geita safari imefupishwa na daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na zaidi, lililofunguliwa Juni 2025 likaondoa adha ya kungoja kivuko. Kutoka Shinyanga mjini hadi Mwanza ni kilomita zipatazo 160. Kwenda na kurudi ni 320. Gari la umeme kuukuu, la bei iliyo karibu na mfuko wa dereva wa teksi, aghalabu halimalizi mwendo huo pasipo kulishwa tena njiani.

Siku moja nilimweleza dereva aliyekuwa akinipeleka Mwanza sifa za magari haya: hayana moshi, hayana kelele, wala hayadai oili ya injini. Alinisikiliza kwa adabu mpaka tulipopita Maganzo, kisha akasema, "Sawa, Mwalimu. Wewe ukisharuka, mimi nitarudi kwa umeme wa nani?"

Swali lake lina uzito kuliko vitabu vingi. Viwanja vya Ulaya vilikwisha kulijibu kwa namna yao. Schiphol, Uholanzi, kilianza kutumia teksi za umeme zaidi ya 100 mwaka 2014. Na huko Norwe, mwaka 2024, karibu magari 9 katika kila 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Lakini sehemu kubwa ya magari katika viwanja vile huachwa na wenyewe siku mbili tatu. Gari la namna hiyo halina haraka. Soketi ya kawaida ya nyumbani hutoa kilowati 2 au 3, na beteri ya kilowati-saa 40 itahitaji usiku mzima na zaidi kujaa. Mwenyewe akirudi, ataikuta imeshiba.

Kwetu mambo ni mengine. Msafiri wetu huletwa na teksi, na teksi haina siku tatu za kulala. Dereva hungoja abiria wa ndege iingiayo kwa saa moja au mbili, kisha huondoka. Huyu ahitaji mtambo wa kilowati 50, uwezao kuijaza sehemu kubwa ya beteri ile katika muda wa karibu saa moja. Mtambo huo mmoja huvuta umeme kama nyumba nyingi kwa pamoja, na yamkini utadai transfoma yake wenyewe.

Je, umeme upo? Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lilianza kuzalisha mwaka 2024, na mitambo yake yote ina uwezo wa megawati 2,115. Njia kuu itokayo Iringa kupitia Dodoma na Singida hufika Shinyanga. Walakini umeme ulio Rufiji haujawa umeme ulio katika beteri. Kati yake kuna nguzo, waya na nia.

Nia hiyo watu wa kawaida wanayo. Katika machimbo ya wachimbaji wadogo nimeona vibanda vya kuchaji simu kwa paneli ya jua, kila simu na malipo yake. Hakuna aliyewafundisha wenye vibanda kwamba hiyo ni miundombinu.

Tena kuna jambo la haki. Mwadui imetoa almasi tangu 1940, na Geita hutoa dhahabu. Tangu 2021 pamekuwa na mpango wa kuisafishia Kahama, penye mgodi wa Buzwagi uliofungwa, nikeli ya Kabanga; na nikeli ni mojawapo ya madini ya kutengenezea beteri. Ikiwa madini yatapita kwetu kwenda kulisha magari ya mbali, na dereva wetu akwame Mabuki kwa kukosa chaji, methali ya mganga asiyejiganga itakuwa imepata mfano mpya.

Basi na ianzwe kwa mtambo mmoja Mwanza, mmoja katika kiwanja cha Ibadakuli, Shinyanga, na mmoja katika kile cha Chato. Bei iandikwe mahali pa wazi. Bajaji na pikipiki zisifukuzwe. Na pawe na banda la kivuli ambamo dereva atakaa gari likila. Gharama yake ni ndogo mbele ya gharama ya njia ya kurukia ndege, na wanaopita juu ya ardhi ni wengi kuliko wanaopita hewani.