Kumbukumbu Iliyokataa Kuingia

Mwaka 2023 sisi wa darasa la juu tulikabidhiwa michango ya wazazi ili tuongeze kumbukumbu ya kompyuta ya maktaba, iliyokuwa na GB 2 tu. Dukani tukaona kipande cha GB 8, aina ya DDR4, kwa bei nafuu. Tukanunua bila kuuliza.

Kumbe bodi mama yetu ni ya DDR3! DDR3 ina pini 240, DDR4 ina 288, na pengo lake liko mahali pengine. Kulazimisha ni kuvunja. Muuzaji akakataa kukirudisha. Tukafikiria kununua bodi ya DDR4, lakini hiyo ingetaka na prosesa nyingine, kwani soketi hazilingani. Fedha hazikutosha.

Tukamweleza ustadhi ukweli wote. Hakutugombeza, aliuliza tu, "Amana ya watu mtairudishaje?"

Tukachanga posho zetu, tukapata kipande cha DDR3 cha GB 4, kilichokwishatumika. Kiliingia, alhamdulillahi. Kile cha DDR4 tumekiweka kabatini na karatasi: "Soma kwanza namba ya bodi, kisha nunua."