Mutanga na majina ya waliotufundisha

Mimi ni mtoto wa Kamituga, mji wa dhahabu. Lakini dhahabu aliyoniachia babu ni kamba tu: mutanga. Wazee wetu Walega hufunga kwenye kamba hiyo vitu vidogovidogo: unyoya, gamba la kakakuona, koa la konokono, kipande cha kibuyu. Kila kitu kina methali yake. Mzee akikishika, methali inatoka.

Siku moja mtoto wa ndugu yangu, mwanafunzi kule Bukavu, alinionyesha mchoro kwenye kompyuta. Kila mwandishi ni nukta, na mstari unatoka kwa aliyefundisha unaenda kwa aliyejifunza. Nikacheka: “Mama, hii si mutanga wetu?”

“Hapana, baba mukubwa. Mutanga iko na methali, haina majina ya batu.”

Neno hilo lilinichoma.

Tuangalie jirani zetu Wanyanga. Mwaka 1956 Candi Rureke alisimulia, akaimba na kucheza habari za Mwindo kwa siku 12. Kitabu kilitoka mwaka 1969 kwa majina ya Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha na Mnyanga mwenyewe. Mtu wa haraka angechora nukta 2 na kumaliza. Lakini Rureke alijifunza kwa Kanyangara, na Kanyangara kwa Bishusha. Tena Amato Buuni na Stephano Tubi ndio waliosaidia kuandika kwa mkono wakati Rureke akisimulia. Basi nukta 2 zimekuwa 7, bila kuhesabu vijana waliomwitikia.

Tukachora ya kwetu. Kwa babu mstari ukakwama. Nilikuwa nikimuuliza maana ya methali. Sikumuuliza hata siku moja nani alimfundisha. Na babu ameshakufa.

Tukaenda na kaye na biki kwa dada yake mdogo, tunayemwita Koko. Alishika lile koa la konokono, akanyamaza kidogo, akasema: “Ya hii alipewa na mama yetu, akimenya mihogo.”

Miaka yote nilidhani mutanga ni maneno ya wanaume ao ya baraza tu. Sasa juu ya nukta ya babu iko nukta ya mwanamke. Vitu vingine 13 bado havina jina, na Koko anachoka upesi.

Wewe uliye na mzee nyumbani, muulize leo: nani alikufundisha?