Mama, Maji ya Upako na Daftari la Dogo

Wadau, leo naongea ya nyumbani. Mwaka jana mama aliacha dawa za presha, akawa anakunywa maji ya upako. Hapa Mbagala makanisa mapya yanaota kila mtaa. Nikamjia juu: "Mama, umesahau Moshi? Februari 1, 2020 watu 20 walikufa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako!" Akanuna wiki nzima.

Dogo anasoma sosholojia Mlimani. Mimi niliishia fomu foo, nikajua ni stori za darasani tu. Kumbe yeye alikaa chini na mama, akamuuliza, "Kule unapata nini?"

Mama akasema: "Wananiita jina. Nisipoenda wananipigia. Hospitali nasubiri kutwa, naandikiwa dawa dakika mbili."

Dogo akanambia Durkheim aliandika tangu 1912 kwamba dini inawafunga watu pamoja. Aisee, niliishiwa maneno. Tangu mzee afariki, mimi nilikaa na mama lini tukapiga stori?

Siku hizi kliniki nampeleka mwenyewe, Jumapili anaenda kanisani kwake. Dawa anameza.

Kabla hujamcheka mtu wa upako, muulize kwanza nyumbani anakosa nini.