Programu ya madeni na kilabu cha busaa Matulo

Nimekuwa kimya majuma matatu, na baadhi yenu mmeniuliza ile programu ya madeni imefikia wapi. Ilifika Matulo, ikafia huko. Ngoja niwaeleze.

Matulo ni pale karibu na Webuye, Bungoma, penye kiwanja kidogo cha ndege. Kilabu ninachokisema hakina televisheni wala viti vya plastiki. Ni nyumba ya udongo, chungu kimoja katikati, viti vya mbao vimekizunguka. Mwenyewe ni Kukhu, shangazi ya mama yangu. Busaa yake huanza na unga wa mahindi uliokandwa na maji, ukaachwa siku kadhaa uchachuke. Kisha unakaangwa juu ya bati, unatiwa maji na kimea cha wimbi, na kuachwa tena. Wakati wa kunywa huongezwa maji moto. Kila mtu huleta mdomo kwenye mrija wake, lusekhe kwa Kibukusu, mrefu kuliko yeye mwenyewe, wenye kichujio kilichosukwa mwishoni kuzuia machicha. Unaushika kwa mkono wa kulia na hupulizi ndani, utakemewa!

(Mwaka 2022 watafiti wa Urusi waliandika kwamba mirija minane ya dhahabu na fedha iliyofukuliwa Maikop mwaka 1897 yaelekea ilikuwa ya kunywea pombe kutoka chungu kimoja. Ina zaidi ya miaka 5,000, na baadhi ina vichujio kwenye ncha. Nilimsomea Kukhu habari hiyo. Akasema, "Dhahabu na maji moto? Wataungua midomo.")

Sasa madeni. Kukhu huyaandika kwa mkaa nyuma ya mlango, mistari tu, bila majina. Mimi mtu wa kompyuta nikacheka. Nikakaa usiku mara mbili kule Kitale ninakofanya kazi, nikaandika programu: namba ya simu, kiasi, tarehe, na kila deni likipita siku 30 ujumbe mfupi unakwenda wenyewe saa kumi na mbili asubuhi. Nikaijaribu, haikuwa na hitilafu hata moja. Nikajisifu hapa hapa, mnakumbuka.

Kuna mzee mmoja aliyefanya kazi kiwanda cha karatasi cha Webuye hadi kilipofungwa mwaka 2009. Hana simu. Nilipozunguka kukusanya namba alinipa ya nyumbani, nami sikuuliza ni ya nani. Ilikuwa ya mke wa mwanawe. Kwa hiyo alfajiri moja mkaza mwana akasoma kwamba baba mkwe wake anadaiwa shilingi 340 za busaa. Wanaotoka kwetu wameshaelewa. Kwa wengine: hao wawili huheshimiana kiasi cha kutopeana mkono. Mzee hakuonekana tena kilabuni.

Kukhu alinipigia simu. Neno lake lilikuwa moja, "Njoo."

Nilifika Jumamosi. Nimewahi kuona picha za baa za zamani za Uingereza ambamo vikombe vya wateja wa siku zote hutundikwa juu ya kaunta. Hapa hutundikwa mirija, chini ya paa. Wa mzee ulikuwepo, mkavu, na kiti chake hakuna aliyekikalia ingawa wawili walikuwa wamesimama.

"Mulembe, Kukhu."

"Mulembe. Mistari ya yule sikuiongeza tangu mkewe augue," alisema. "Ulipohesabu, uliniuliza?"

Sikuwa nimeuliza. Kwenye jedwali langu kulikuwa na kulipwa na kutolipwa, basi.

Nikaenda kwa mzee. Alinipa chai, akaniuliza habari za mvua Kitale na bei ya mahindi. Nilipoona jua linashuka nikasema, "Kuka, lile kosa ni langu."

"Hiyo mashine yako, ilijua mimi ni nani?"

"Haikujua."

"Basi haikunitukana. Wewe ulijua?"

Nikanyamaza. Akanisindikiza hadi barabarani, jambo ambalo hakulazimika kulifanya.

Nilirudi kilabuni nikafuta kila kitu mbele ya Kukhu, ingawa kufuta kwenye simu si jambo la kuonekana, akabaki ananitazama tu. Halafu akanipa kipande cha mkaa. Mistari ilikuwa imesuguliwa mlangoni kwa ajili yangu, maana nilimwambia haihitajiki tena! Nikaichora upya, mtu kwa mtu, yeye akinitajia kwa kichwa bila kukosea. Tulipofika kwa mzee akasema, "Hapo acha wazi."

Walioniomba msimbo, sitautoa. Jumamosi iliyopita nilipita tena, mrija bado unaning'inia. Kukhu ameshaupangusa vumbi.