Zimamoto Anayewasha

Ray Bradbury alipochapisha Fahrenheit 451 mwaka 1953, Kiingereza kilimsaidia kuficha jambo ambalo Kiswahili hakiwezi kulificha. Kwa Kiingereza, Montag ni mtu wa moto tu. Jina halisemi kama moto huo anauwasha au anauzima. Sisi tuna zimamoto, na kazi imo ndani ya jina. Jioni nzima ya kwanza tulibishana juu ya neno hilo moja, sisi watu saba tunaokutana Midrand kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kitabu cha Kiingereza mkononi, mjadala wa Kiswahili mdomoni. Ndugu mmoja wa Tanga alipendekeza washamoto. Mama wa Bukavu alikataa: aachwe na jina lake la zamani, kwa kuwa ndivyo watawala wafanyavyo, hubadilisha kazi na kuliacha jina. Niliafikiana naye, na bado naafikiana naye.

Riwaya hii haina sura, ina sehemu tatu ndefu, hivyo tuliikata wenyewe vipande tisa. Kipande kilichotukalia kooni ni maelezo ya Beatty, mkuu wa kikosi, anayedai kwamba serikali haikuwa ya kwanza kuviua vitabu. Wasomaji ndio waliovichoka mwanzo. Katika nchi hii hoja hiyo haimezeki. Hapa ilikuwapo sheria ya machapisho ya mwaka 1974, na Burger's Daughter ya Nadine Gordimer ilipigwa marufuku mwaka 1979, ingawa marufuku hiyo iliondolewa mwaka huohuo. Kwetu nako, Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wa Kenya: Twendapi?, na Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilizuiwa shuleni. Wasomaji hao hawakuwa wamechoka.

Nilidhani tumemaliza na Beatty, hadi tulipofika kwa wale watu wa mwishoni, wakimbizi ambao kila mmoja amehifadhi kitabu kichwani. Kwa mtu wa pwani hilo si jambo la kubuni. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yalikusanywa mwishoni mwa karne ya 19 kutoka katika kumbukumbu za watu, Mwalimu Sikujua akimsaidia mmisionari Taylor kuyapata na kuyaelewa.

Ila waliomhifadhi Muyaka walikuwa na wa kumsomea. Mimi nina tenzi nilizofundishwa na bibi yangu, pengine beti mia mbili. Binti yangu amezaliwa hapa, ana miaka 14. Kizulu ni cha rafiki zake, Kiingereza cha shule, na nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza. (Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Umoja wa Afrika, na Bunge la Afrika lina makao yake Midrand hii hii.) Nyumbani kwangu hakuna aliyechoma kitu, wala aliyekataza kitu, na hapo ndipo sina jibu la kumpa Beatty.

Mwezi ujao tunairudia sehemu ya tatu, na zamu ya kughani ni yangu. Nimemwomba binti yangu aje. Amekubali, kwa sharti kwamba asiulizwe swali lolote, na kwamba akichoka aruhusiwe kuvaa vipokea sauti vyake masikioni.